Nilimrushia Mtani Wangu Sponji ya Dawa, Nikasema Ulikuwa Utani

Mimi ni mkosaji. Naanza na hilo mapema ili usije ukanionea huruma bure. Nilimtoa mtu jicho, mchana kweupe, kwa sponji ya kupigia magari polishi, halafu nikasimama mbele ya watu nikasema tulikuwa tunataniana. Polisi waliamini. Mke wangu anaamini mpaka leo hii ninapoandika.

Sikuwa natania, jamani! Haki ya Mungu sikuwa natania hata kidogo.

Jina langu niachie mwenyewe. Naishi hapa Birmingham, upande wa Hodge Hill, nyumba zile za kushikana ukuta ambazo jirani akikohoa unamwambia pole. Kwetu ni Iringa, mimi ni Mhehe. Na huyo niliyemtoa jicho ni Mngoni wa Songea. Nitamwita Mngoni tu. Ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza, na yeye akaniita Mhehe, au Mla Mbwa siku akiamka na furaha, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa.

Mtanzania hapo keshaelewa. Wewe wa Kenya au wa Kongo ngoja nikueleze kidogo. Mababu zetu na mababu zao walipigana vita vibaya, wakauana vya kutosha, kisha wakawa watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukumwagia maji, kula chakula chako huku unamtazama. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako, siyo yake. Na lolote analokufanyia kwa utani halipelekwi kwa mjumbe wa mtaa wala mahakamani.

Hilo la mwisho likariri, kwa sababu ndilo nililolitumia vibaya.

Tulikutana kwenye sherehe ya ubatizo, Perry Barr, kwa Wakongo. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu, naongea na jirani, mara mkono ukatokea nyuma ukachukua paja langu la kuku. Nikageuka. Jamaa mweusi tii, mabega mapana, anatafuna kuku wangu bila wasiwasi.

"Lafudhi hiyo ni ya Iringa," akasema. "Kuku wa nini kwako? Jamani, hakuna hata kambwa kadogo humu ndani tumchinjie mgeni?"

Meza nzima ya Wakongo ikaacha kula, wakijua sasa ngumi zinaruka. Mimi nikacheka mpaka nikalia. Nilikuwa sijataniwa tangu nitoke nyumbani! Nchi hii watu wanakwambia sorry kutwa na hakuna anayekugusa. Halafu mtu mmoja anatokea na kunitukana matusi yangu mwenyewe, ya kwetu kabisa. Nikajiona nipo duniani.

Tukawa kitu kimoja. Baadaye tukapanga yadi ndogo nyuma ya duka la matairi la Mkongo mmoja, nitamwita Papa Dieudo, tukaanza kazi ya kusafisha magari na kuyapiga polishi. Siyo kuosha tu. Kuosha kila mtu anaosha. Sisi tulikuwa tunaondoa mikwaruzo kwa mashine ya kuzunguka, ile unayoibandika sponji ya duara mbele, unapaka dawa, unapitisha taratibu juu ya rangi mpaka gari linakuwa kioo. Waingereza wengine wanapenda magari yao jamani! Mzee anakuja Jumamosi analitazama gari lake kwa macho ambayo mkewe hajayaona miaka mingi.

Siri ya kazi ile ni sponji. Ya manjano ni ngumu, ya kukatia mikwaruzo. Nyeupe ni laini, ya kumalizia. Ukimaliza kazi unaiosha papo hapo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, unaibonyeza bila kuinyonga, kisha unairudisha kwenye mashine na kuizungusha ndani ya ndoo mpaka irushe maji yote. Ukiiacha, dawa inakauka ndani na kuwa mawe, na siku ya pili utakwangua gari la watu. Mngoni ndiye aliyekuwa na uvumilivu wa kuosha. Mimi nilikuwa na mkono mzuri wa mashine na kichwa kibovu.

Maana nina hasira, sikufichi. Nimewahi kupiga ngumi mlango wa kabati jikoni mpaka mkono ukatokea upande wa pili, kwa sababu ya chumvi. Chumvi tu! Mke wangu alikuwa akiniona nimeanza kukunja shingo, anampigia Mngoni simu. Naye alikuwa anakuja, anasimama mlangoni, anasema, "Nimesikia kuna Mhehe anapigana na makabati. Nani anashinda?" Basi, imeisha. Hakuna dawa nyingine iliyonifaa.

Kazini tulikuwa tunachezeana kutwa. Kurushiana sponji zenye mapovu ilikuwa salamu yetu. Na kulikuwa na mchezo wa mpira wa maji: mwenzako anasuuza gari, wewe unaukanyaga mpira nyuma yake, maji yanakatika. Anageuza mdomo wa mpira kuutazama kuna nini. Unaondoa mguu. Loo! Papa Dieudo alikuwa anaacha matairi yake aje kutuangalia, anatikisa kichwa.

"Nyinyi watu wa Tanzania munacheka sana," alikuwa anasema. "Kwetu mutu akikufanyia vile, ni vita."

Mngoni hakutaka kubaki yadini. Kule nyumbani alikuwa dereva wa malori ya mahindi, Songea mpaka Makambako na kuendelea, na ndoto yake hapa ilikuwa kuendesha basi. Mabasi makubwa ya ghorofa, abiria wakipanda wanakusalimu. Alikuwa ameshafaulu mtihani wa maswali. Kilichobaki ni kupimwa na daktari kisha aanze mafunzo. Mkewe, shemeji Stella, alikuwa ameshamnunulia koti la baridi la kukaa nalo usukani. Nyumba ile nzima ilikuwa inalingoja hilo basi.

Sasa siku yenyewe.

Jana yake Mngoni alikuwa amepiga polishi gari jekundu la zamani, rangi yake imekufa kabisa, imekuwa unga kama chaki. Magari ya namna hiyo yanatoa rangi. Alitumia sponji yangu nyeupe, mpya, niliyokuwa naitunza. Asubuhi naikuta kwenye kamba, nyekundu! Nyekundu kama imechinjiwa kuku.

"Umeniharibia sponji!" nikafoka.

"Mtani, tulia. Nimeiosha vizuri. Hiyo ni stain tu, ndani ni safi. Ibonyeze uone kama inatoa kitu."

Niliibonyeza. Yalitoka maji meupe. Alikuwa anasema kweli, nami niliona kwa macho yangu kwamba anasema kweli. Lakini nilikuwa nimeamka vibaya, na mtu aliyeamka vibaya hataki kuambiwa kweli. Nikachukua dawa kali tunayoondolea grisi kwenye injini za malori, ile inayochanganywa kidogo na maji mengi, nikaimwaga kwenye ndoo bila maji. Nikaitumbukiza ile sponji humo, eti itoe wekundu. Nilivaa glovu ndefu. Dawa ile ikikudondokea kwenye ngozi inaunguza, nami nilijua, nilikuwa na kovu lake kwenye kifundo cha mkono.

Shika hapo: nilijua.

Kisha nikaenda kumalizia gari la mzee mmoja wa Great Barr, gari la kijani kilichokolea, refu, la kizamani. Binti yake alikuwa anaolewa na ndilo la kumpeleka kanisani. Nikachukua sponji nyingine. Katikati ya kazi ikanidondoka chini, kwenye zege lenye mchanga. Fundi yeyote anajua, ikianguka unaiweka pembeni, unachukua nyingine au unaiosha. Mimi niliipangusa kwenye suruali nikaendelea. Hasira ilikuwa bado inanichemka.

Mzee akaja jua likiwa limetoka. Jua la hapa linatoka siku ambayo hulitaki! Akainama akatazama madigadi ya mbele. Mikwaruzo ya duara, imejaa, kama mtu ameisugua kwa steelwire ya kusugulia sufuria. Uso wake ukabadilika. Akaniita karibu, akaniuliza ni nani amefanya vile, na kila neno alilisindikiza kwa kidole kifuani mwangu. Kidole kigumu. Nilitamani kukivunja.

Unajua nilimjibu nini?

"Siyo mimi. Ni mwenzangu yule. Ametumia sponji chafu."

Nikamnyooshea Mngoni kidole, aliyekuwa hatua chache tu, anasuuza rimu za magurudumu. Alisikia kila kitu. Kiingereza alikuwa anakijua kunizidi. Alisimama akanitazama, na nikaona ameumia. Mtu mwingine angekuja kunitandika kibao, na angekuwa na haki. Yeye akachagua utani. Alitabasamu, akapaza sauti kwa Kiswahili:

"Wahehe bwana! Mkikosa mbwa, mnatafuna mpaka gari la Mzungu wa watu!"

Akacheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni.

Nisome vizuri hapa. Mtu yule alikuwa ananisamehe. Nilikuwa nimemsingizia mbele ya mteja na yeye akaligeuza kuwa utani ili mimi nisiumbuke. Sasa hivi ninaliona wazi. Siku ile nilisikia kicheko tu. Na mzee akauliza, "Anacheka nini huyo?" halafu akanitazama mimi juu mpaka chini, akasema angetafuta watu wanaojua kazi, akaingia ndani ya gari lake akabamiza mlango.

Alipotoka getini nikaenda kwenye ndoo.

Sikukimbia. Watu wanadhani hasira inakimbia. Nilitembea. Nikaingiza mkono wenye glovu, nikaitoa ile sponji nyekundu, imeshiba dawa, inachuruzika. Mngoni alikuwa bado anacheka, ananiona nakuja na sponji, akajua ni mchezo wetu wa siku zote. Akaachama mdomo, akafungua mikono, "Njoo! Njoo Mla Mbwa!" Nikairusha kwa nguvu zangu zote, kwa umbali wa mkono, usoni.

Ilimpiga jicho la kulia. Sauti yake bado naisikia, pwaa!

Akacheka! Mungu wangu, akacheka tena! "Aaa, mtani, leo umenipa—"

Halafu kicheko kikageuka. Sijui niseme kiligeuka kuwa nini. Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile, na natoka kijiji ambako nimeona mtu akikatwa na mashine ya kukoboa. Alianguka magoti. Akashika uso kwa mikono yote miwili, mikono nayo ikaanza kuungua, akaiondoa, akairudisha tena. Alikuwa anapiga kichwa chake kwenye tairi la gari.

"Maji! Mhehe, maji! Maji!"

Mpira ulikuwa pale pale, ulikuwa unatiririka, alikuwa ameuachia aliponifungulia mikono. Akapapasa, akaupata. Akaupeleka usoni.

Nikaukanyaga.

Hili ndilo ninaloungama. Yale ya mwanzo watu wanayajua kwa upande wake wa uongo. Hili mke wangu wala Papa Dieudo hawalijui mpaka leo. Niliweka buti langu juu ya mpira wa maji nikaukanyaga mpaka ukabonyea, maji yakakatika, na mtani wangu akawa anautikisa mpira mtupu mbele ya jicho linaloungua. Na nilikuwa nasema, kwa sauti ya chini, kwa Kihehe, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilitaka aumie. Nilitaka anyamaze kunicheka. Niliusimamia ule mpira kwa muda ambao ungetosha kusali Baba Yetu yote, mpaka mwisho, bila haraka.

Papa Dieudo alitoka mbio na spana mkononi.

"Eeh! Kuko nini? Macho yake inaungua! Mayi, toa mayi! Unasimama tu unaangalia? Uko mutu wa namna gani!"

Alinipiga kikumbo cha bega kifuani, nikaruka nikaangukia ndoo, ikapinduka. Maji yakarudi. Yeye alidhani nimeganda kwa woga. Akamkamata Mngoni kichwa, akamlaza kwenye mapaja yake, akammwagia maji huku akiita jina la Yesu kwa Kiswahili na Kifaransa. Mngoni alikuwa anarusha miguu. Papa Dieudo akamkalia. Jicho lile lilikuwa limegeuka rangi, limekuwa kama ute wa yai ukigusa mafuta ya moto.

Tukampeleka hospitali kwa gari la Papa Dieudo. Nyuma nilikaa naye mimi. Alikuwa amenishika mkono wangu, ananibana mpaka mifupa inalia. Mkono ule ule!

Daktari aliniuliza maswali mawili. Ni dawa gani? Nikamtajia. Maji yalikuwepo karibu? Nikasema ndiyo, daktari, tulimmwagia mara moja. Akakunja uso, akasema ni ajabu, dawa ile haingoji, lakini wanaowahi maji wengi hupona. Aliandika nilichomwambia. Nilitazama viatu vyangu.

Polisi wakaja, mwanamke na mwanaume, wapole tu. Nikawaeleza kwamba kwetu kuna desturi. Nikawaeleza vita vya mababu, nikawaeleza watani, nikawaeleza kurushiana sponji. Nilieleza vizuri sana! Yule mwanamke mpaka alitabasamu. Nikasema, "Nilisahau kwamba ndoo ile ina dawa." Wakaenda kumwuliza Mngoni kitandani, uso mzima bandeji, mimi nimesimama mlangoni.

Akasema kwa Kiingereza, "He is my mtani. We were playing."

Polisi wakafunga jalada. Nilitoka nje nikasimama kwenye maua ya hospitali, na nisikufiche, nilifurahi. Nilifikiri ameniokoa.

Shemeji Stella peke yake hakuridhika. Alinishika kola ya shati kwenye korido, mwanamke mfupi yule, akanivuta mpaka pua zetu zikakaribiana.

"Shemeji. Utani gani wa kung'oa jicho?"

"Bahati mbaya, shemeji. Ni utani wetu wa siku zote."

"Niangalie ukisema."

Nikamwangalia nikasema tena. Akaniachia, akanipiga kofi moja, zito, la wazi, watu wote wakageuka. Kisha akaanza kulia na kuniomba radhi kwa kunipiga! Nikaipokea radhi yake, mimi! Nikamwambia yameisha, shemeji, ni uchungu.

Jicho walilitoa. Ndoto ya basi nayo ikaenda. Mtu wa jicho moja hawamruhusu kubeba abiria, walimwambia kwa heshima zote. Lile koti shemeji Stella alilirudisha dukani. Mngoni sasa anapanga maboksi ghalani, na hata hapo alianza kwa kuangusha, kwa sababu jicho moja linakudanganya umbali. Yule wa Great Barr sijui binti yake alikwenda kanisani na gari gani.

Kazi ya yadi niliifunga. Nilijaribu peke yangu, lakini kila nikiingiza sponji kwenye maji mkono ulikuwa unatetemeka. Siku moja niliwapiga wateja wawili kwa mpigo, mtu na ndugu yake, kwa sababu mmoja aliucheka huo mkono. Papa Dieudo akaniambia nitafute mahali pengine, hataki damu kwenye mlango wake. Nyumbani makabati yote yana matundu. Mke wangu hana tena wa kumpigia simu nikianza kukunja shingo, kwa hiyo anachukua watoto na kwenda kukaa kwa jirani mpaka nitulie. Mwanangu wa kwanza aliniambia juzi juzi, "Dad, you're scary," kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayekwambia nje kuna mvua.

Na Mngoni? Mngoni hakunigombeza. Hakunisema kwa watu. Ila tukikutana alikuwa ananipa mkono, ananiuliza habari za nyumbani, ananiita kaka. Kaka! Mwanzo nilifikiri ni maumivu, yatapita. Nilimchokoza, nikamwita mla panya, tusi letu la kuwatania Wangoni, nikamvua kofia mbele ya watu kanisani. Alinyoosha mkono taratibu akaichukua, akaivaa, akasema, "Asante, kaka." Watu wote wakatazama pembeni. Mtu asiyejua utani hawezi kuelewa jinsi neno kaka linavyoweza kukuchoma.

Kisha mama yangu akafariki, Iringa. Sikuweza kwenda. Tukaweka msiba hapa nyumbani, Watanzania wakajaa sebuleni mpaka ngazini. Sasa, kwenye msiba wetu mtani ndiye mwenye kazi. Anaingia anaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea, analala kwenye njia ya watu, anasema maiti haitoki mpaka apewe kitu, anawacheka wanaolia. Ndiye anayekuvusha. Bila yeye unabaki na kifo kitupu. Wote pale walikuwa wanamngoja Mngoni, walishaanza kutabasamu mlango ulipofunguliwa.

Aliingia na suti nyeusi na miwani. Akapita katikati ya watu, akaja mpaka nilipokaa, akainama.

"Pole sana, kaka. Mungu amlaze mama mahali pema."

Akakaa kwenye kiti cha mwisho. Akakunja mikono. Mama mmoja wa Njombe akamwambia, "Mtani, mbona umekaa? Anza basi." Akajibu, "Leo hapana, mama." Akanywa chai, akaaga, akatoka.

Nikamfuata bila koti, mpaka kituo cha basi. Ilikuwa mchana, baridi kavu. Nilikuwa nalia kamasi.

"Mtani, ngoja. Siku ile. Mpira wa maji. Niliukanyaga."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa na jicho lingine. Niliona buti lako."

Nikashika nguzo ya kituo. "Sasa kwa nini uliwaambia polisi ni utani?"

Alikuwa anatazama basi linavyokuja, kwa mbali.

"Wangekufunga. Ungekaa ndani mwaka, miwili, ungetoka, ungenijia kwangu useme nimelipa, mtani, yaishe. Na mimi kwa desturi yetu ningelazimika kucheka." Akavua miwani akaifuta kwa shati, akairudisha. "Sikutaka ulipe. Wiki ya kwanza kila nikilala nilikuwa nakuua. Kwa panga, kwa nyundo, kwa ile dawa. Nikaona nikikuua nitakuwa nimekuhurumia. Basi. Na usiniite mtani tena."

Basi likasimama. Akapapasa kwa mguu kuitafuta ngazi, akaipata, akapanda, akamsalimu dereva.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu. Nilimweleza askari kila kitu, dawa, buti, Baba Yetu. Aliandika, akaniambia ningoje, akaingia ndani kumpigia simu mwenye jicho. Nilikaa pale nikiwa na furaha ya ajabu, nilikuwa nimebeba mpaka mswaki.

Askari akarudi. Akasema amezungumza na yule bwana, na yule bwana amecheka kwenye simu, amesema nina huzuni ya kufiwa na mama yangu, nichukuliwe kwa upole. Amesema, "It was only a joke." Wakanipa glasi ya maji wakaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa kuwa sina mwingine wa kunihukumu. Mke wangu, ukiisoma hii, ni mimi. Shemeji, kofi lile lilikuwa la haki, nirudishie mengine. Nanyi wenye hasira kama zangu, mnaosukuma, mnaorusha vitu, halafu mnasema nilikuwa natania tu, mbona huna moyo wa utani, nawaomba kwa magoti: ukimwumiza mtu, sema umekusudia kumwumiza, saa ile ile, akiwa bado anataka kukusikia.